Kizibao Kisicho na Mshono

Mume wangu, marehemu Ambrose Pilbeam, alikuwa mtu mfupi mwenye kifua chembamba na miguu iliyopinda kwa kukaa amekunja miguu juu ya meza ya ushonaji tangu utotoni, na alitembea kana kwamba London nzima imeamka asubuhi ile ili imwone yeye. Nasema haya kwa mapenzi. Niliishi naye miaka mingi kuliko niliyoishi na mama yangu mzazi, na sikumbuki hata siku moja aliyokiri kwamba koti lililoshonwa na mtu mwingine ni zuri. Akipita bwana mkubwa barabarani, watu wengine hutazama farasi. Ambrose alikuwa akitazama mabega ya koti, akatikisa kichwa na kusema, "Maskini, wamemwonea."

Tulikaa Uchochoro wa Pipa, nyuma ya soko la ng'ombe la Smithfield, katika chumba kimoja kilichokuwa juu ya kilabu cha Mama Peg, aliyeuza pombe kali kwa vikombe vidogo na kutoa ushauri bure. Mimi nilikuwa nachemsha makongoro ya kondoo na kuyauza sokoni. Harufu yake iliingia kwenye kila kitu, hata kwenye nguo za wateja ambazo Ambrose alizileta nyumbani kumalizia, naye alilalamika kwamba siku moja mbunge atafuatwa na mbwa mpaka bungeni na lawama itanirudia mimi.

Dirisha lililotazamana na letu lilikuwa la Matthias Crouch, mshonaji mwenzake, mrefu, mkavu, uso wa mtu aliyemeza sindano. Walijifunza kazi kwa fundi mmoja wakiwa vijana, wakagombana kuhusu namna ya kushona mkono wa koti, na ugomvi ule ukakua ukaota na ndevu. Kila asubuhi walifungua madirisha wakaanza kabla hata ya kunawa uso.

"Ambrose!" Crouch aliita. "Lile koti la yule muuza jibini nimeliona. Ulikuwa unashona au ulikuwa unafunga mzigo?"

"Nyamaza wewe. Suruali yako ya juzi, mwenyewe kainama kuokota kofia, mtaa mzima tukamjua alivyoumbwa."

"Alinenepa!"

"Kati ya asubuhi na saa sita mchana?"

Mimi na Mama Peg tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini Ambrose akishafunga dirisha hakucheka. Angekaa akiuma mdomo, kisha aniulize, "Kwani Dorcas, lile koti la muuza jibini lina ubaya gani?" Nilimwambia halina ubaya wowote. Hakuridhika, kwa sababu mimi nilikuwa mke wake na sikujua kutofautisha mshono na kovu. Alitaka kusikia neno zuri kutoka kwa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa Crouch.

Sasa lazima niseme habari ya kabichi, maana ndiyo iliyotupeleka pabaya. Mtu akileta kitambaa cha koti, fundi mbovu anakikata ovyo na kukimaliza chote. Fundi hodari anaugeuza mgongo huku, anaingiza mkono pale, anabana kola kwenye pembe, na akimaliza koti limetoka zima na pembeni vimebaki vipande. Vipande hivyo ni vya fundi. Mafundi wa mji huu wanaviita kabichi, na usiniulize nani alianza. Ilikuwa hivyo kwa babu zao, na mishahara ilikuwa midogo kwa sababu kila tajiri alijua kwamba kabichi ipo. Wapakuzi wa meli nao walikuwa na sukari iliyomwagika, maseremala wa bandarini walikuwa na vipande vya mbao. Kila kazi ilikuwa na makombo yake, na sisi wa vichochoroni tuliishi kwa makombo hayo. Watoto wa kwetu walitembea pekupeku lakini vichwani walivaa kofia zilizokatwa kwenye kitambaa kimoja na makoti ya mabwana wakubwa.

Ambrose alishonea duka la Bwana Skeffington, duka kubwa, na mwenyewe alikaa na familia yake ghorofani. Mzee Skeffington alikuwa mtu wa zamani, aliziba jicho kwenye kabichi na wakati wa Krismasi aliwapa mafundi bata. Akafa, duka likashikwa na mwanawe, kijana mwenye mikono laini aliyesoma hesabu na hakuwahi kuiacha. Siku ya kwanza tu akawakusanya mafundi.

"Kitambaa nilichonunua ni changu," akasema. "Kikiwa robota ni changu, kikiwa koti ni changu, kikiwa kipande cha ukubwa wa kucha ni changu vilevile."

Mafundi wakaangaliana, wakadhani anaumwa. Hawakubishana naye. Waliendelea kama kawaida, na Ambrose zaidi ya wote.

Kumbe alikuwa na jambo lake. Kwa majira matatu ya baridi mabwana walishikwa na wazimu wa mahameli ya zambarau, na kila koti alilokata Ambrose lilimwachia kipande: kimoja cha ukubwa wa kiganja, kingine cha ukubwa wa ulimi wa mbwa. Aliviweka ndani ya mto wa kulalia. Kisha Jumapili, tukitoka kanisani, alianza kukaa dirishani akiviunganisha. Nikajua nashonewa kofia. Nikanyamaza nisimharibie furaha ya kunishtukiza, nikawa mpole miezi miwili mizima, nikampa minofu mikubwa, sikumgombeza hata alipomwaga supu kitandani. Siku ya mwisho akaniita, akakitandaza juu ya blanketi. Kilikuwa kizibao, na kilikuwa saizi yake.

"Tafuta mshono," akasema.

Nilitafuta kwa macho, kwa vidole, nikapitisha hadi mdomo. Mahameli ina manyoya, na manyoya yale yote yalilala upande mmoja toka begani mpaka kiunoni, hakuna mahali pa kusema hapa kipande kimeishia na hapa kingine kimeanza. Bitana yake aliinasa kwenye kila kipande, hata kuinua huwezi. Ungeapa kimekatwa kwenye kitambaa kizima cha yadi kadhaa.

"Ni kizuri," nikasema kwa hasira, maana kofia yangu ilikuwa imezikwa humo ndani.

Akakivaa. Akashuka, akasimama chini ya dirisha la Crouch, akakohoa. Crouch akatoa kichwa. Alikitazama kile kizibao muda mrefu, kifua, kiuno, mifuko, na mdomo wake ukafunguka. Kisha akafunga dirisha.

"Hajasema kitu," Ambrose aliniambia aliporudi.

"Crouch kukosa la kusema, hilo si jibu?"

"Si jibu. Nataka aseme."

Basi ikawa kila Jumapili ni kukivaa na kupita, kwenda na kurudi, mpaka Mama Peg akamwuliza kama amepoteza kitu barabarani. Na kwa kuwa Crouch hakusema, Ambrose akaona kwamba uchochoro wetu ni mdogo kwa kizibao kile. Akaenda nacho kutembea kule wanakotembea watu wazito, na huko akakutana uso kwa uso na yule kijana, Bwana Skeffington. Walisalimiana vizuri. Jumatatu askari wa mtaa akaja na rungu, akamchukua mume wangu na kizibao chake, viwili kwa pamoja.

Ikawa hivi: robota la mahameli ya zambarau dukani lilikuwa limepungua. Aliyelipunguza simjui mpaka leo. Wapo walionong'ona kuwa ni mke wa Skeffington na matakia yake mapya. Lakini Skeffington alipima pengo lililokuwa kwenye robota, akapima kizibao, akasema vinalingana. Na kwa sheria zetu, kuiba ndani ya nyumba anayokaa mtu, kitu cha shilingi arobaini au zaidi, malipo yake ni kitanzi. Mahameli ile ilikuwa zaidi ya shilingi sitini. Watoto wa London wanajua kuhesabu mpaka arobaini kabla hawajajua kusoma majina yao, na sababu ni hiyo.

Nilikwenda kumwona gerezani. Pale unalipa kuingia, unalipa kukaa, na nadhani chawa nao walikuwa wanatozwa. Nilimkuta ameketi juu ya majani, anamweleza mwizi wa farasi makosa ya koti lake.

"Ambrose, nisikilize," nikamwambia. "Siku ya kesi omba kukishika kizibao. Fumua mshono mmoja. Wakiona vipande watajua ni kabichi, na hakuna baraza la mahakama litakalomnyonga mtu kwa kabichi."

"Hakuna mshono mmoja, Dorcas. Yote imeshikana. Ukivuta wa kola, wa bega unafuata, wa bega ukitoka na wa kwapa unatoka. Kinaanguka chote."

"Basi kianguke!"

Alinitazama kama niliyemwambia atupe mtoto mtoni.

"Kile ndicho kitu pekee nilichokifanya duniani," akasema.

"Na mimi je? Mimi ulinifanya nini?"

"Wewe nilikukuta umeshafanywa. Na kazi nzuri kabisa, sikuona pa kurekebisha."

Ndivyo alivyokuwa. Nilikuwa nimeshaamua kumnyonga mwenyewe kabla ya serikali, na mkono wangu ukawa tayari unampapasa nywele.

"Usiwe na wasiwasi," akaendelea. "Skeffington amemwita Crouch aje akikague mbele ya jaji. Amemchagua kwa kuwa anajua Crouch ananichukia. Mjinga! Crouch akitafuta ubaya wangu, ataupata tu. Ataona mishono, atawaonyesha, nitatoka, na kizibao kitabaki kizima."

"Na asipoiona?"

Ambrose akatabasamu, na Mungu ni shahidi wangu, lilikuwa tabasamu la furaha.

Jioni ileile nikajaza bakuli makongoro, nikavuka uchochoro, nikamgongea Crouch. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumgongea mlango. Alifungua kidogo, pua ikatangulia.

"Bwana Crouch," nikasema, "nimekuja kukuomba umchukie mume wangu kwa bidii."

"Nafanya hivyo kila siku, Mama Pilbeam, wala siombwi."

"Siku ya kesi zidisha. Wewe ndiye tumaini letu. Tafuta mshono mpaka uupate."

Akapokea bakuli. "Miaka yote hii natafuta kasoro kwenye kazi ya yule mtu, na sijawahi kurudi mikono mitupu. Nenda kalale, mama." Akala makongoro yote amesimama mlangoni, na bakuli langu hakurudisha.

Siku ya kesi Mama Peg alifunga kilabu, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa na mume, na uchochoro mzima tukapanda ukumbi wa watazamaji. Jaji alikaa juu na nywele zake za bandia, mezani kwake wamemwagia majani yenye harufu kali ili asiambukizwe homa ya mahabusu. Pembeni walikaa raia kumi na wawili wa baraza, ambao ndio huamua kama mtu ana hatia, na kiongozi wao alikuwa mtengeneza mishumaa mnene mwenye macho ya huruma. Nilipoyaona macho yale nikapata nguvu kidogo. Watu wa baraza wa mji wetu walikuwa na desturi yao: mtu akiiba saa ya dhahabu, wanatazamana, wanakohoa, wanasema ilikuwa na thamani ya shilingi thelathini na tisa, na mwizi anaponea hapo.

Lakini Skeffington naye alikuwa mtu wa London. Akawageukia. "Waungwana, mahameli hii naiuza kila siku, na nusu yenu mmenunua kwangu. Tafadhali leo msijifanye hamjui bei."

Mtengeneza mishumaa akainamisha kichwa. Nikajua mlango ule umefungwa.

"Pilbeam," jaji akasema, "unasema kizibao hiki umekiunganisha kwa mabaki. Mishono iko wapi?"

"Ipo, Mheshimiwa. Ipo mingi."

"Ionyeshe."

"Siwezi kuionyesha bila kukiua."

Watu wakacheka. Skeffington akasema bitana isiguswe wala mkasi usije karibu, kwa kuwa ile ni mali yake na haitakatwa na mtu yeyote, na jaji akakubali. Ndipo Crouch akaitwa.

Aliapishwa mkono juu ya Biblia. Akavaa miwani, akakichukua kile kizibao, na akaanza. Sijawahi kuona mtu akitafuta kitu namna ile, hata mwanamke aliyepoteza pete ya ndoa. Alikipeleka dirishani kwenye mwanga. Alikigeuza, akapuliza manyoya ya mahameli kwa mdomo, akapitisha ukucha, akafumba macho akapapasa. Mwanzoni alikuwa na kicheko kidogo pembeni mwa mdomo, nikamwambia Mama Peg, "Ameupata." Kisha kile kicheko kikapungua. Akarudi mwanzo, akaanza tena upya toka kolani. Jasho likamtoka. Mimi nilikuwa nasali, na sala yangu ilikuwa moja: Mungu, mfanye mume wangu awe fundi mbovu, hata kidogo, hata kwenye kwapa moja.

"Bwana Crouch?" jaji akauliza.

Crouch akakiweka kizibao mezani polepole sana. "Hakuna mshono, Mheshimiwa. Ni kitambaa kizima."

Mama Peg alinishika mkono akaubana.

"Una hakika?"

"Nimeapa. Kama kungekuwa na mshono ningeuona. Hakuna mtu aliye hai anayeweza kuunganisha mahameli mimi nisione." Akavua miwani. "Kama yupo anayeweza, basi mimi sikuwahi kuwa fundi."

Jaji akamwuliza mume wangu kama ana swali kwa shahidi. Hapo ndipo mtu aliyeshtakiwa anapopigania roho yake, na sote tulijua la kusema: mwongo huyu, ananichukia, hajui kazi. Ambrose alisimama. Uso wake ulikuwa unang'aa kama wa bwana harusi.

"Bwana Crouch," akasema kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa, "umetazama chini ya kwapa la kushoto?"

"Nimetazama."

"Na begani, pale kola inapokutana?"

"Pale mara tatu."

"Tafadhali rudia lile ulilosema. Wengine huko nyuma huenda hawakusikia."

"Hakuna mshono!" Crouch akafoka, sauti ikamkatika. "Sijawahi kuona kitu safi kama hiki. Umeridhika?"

"Nimeridhika," akasema Ambrose.

Mimi sikuridhika. Nilisimama juu ya benchi. "Ambrose Pilbeam! Wewe mwanaharamu mpenda sifa! Fumua!"

Mlinzi akapiga fimbo chini, jaji akataka nitolewe, na majirani zangu ghafla wote wakawa wanene sana na hakuna aliyeweza kumpisha mlinzi. Ambrose akaniangalia. Nilikuwa nalia kwa sauti, pua inatoka, kofia yangu kuukuu imeangukia sikioni, na sikuona aibu. Nilitaka aone ni kitu gani atakachokiacha. Aliniangalia kwa muda, kisha akakitazama kizibao pale mezani, kisha akanirudia mimi.

"Mheshimiwa," akasema, "naomba nikishike mara ya mwisho."

Jaji akaona hakuna ubaya. Wakampa. Alikikumbatia, akakiinua mpaka kidevuni kama anayetaka kukibusu, akafungua mdomo, akauma kola.

Tuliisikia sauti ya uzi ukikatika. Skeffington akaruka, lakini mume wangu alikuwa ameshaupata mwisho wa uzi kwa meno, akavuta, na mikono yake ikawa inakwenda kwa mwendo ule ninaoujua, wa mtu anayejua kila tundu alipopitisha sindano. Bega likaachia. Kwapa likaachia. Vipande vikaanza kudondoka mezani, kimoja, vitatu, halafu vyote kwa pamoja, vya kiganja, vya kidole, vya ulimi wa mbwa, vingine vimeanguka mapajani kwa karani. Alipomaliza mikono yake ilikuwa mitupu, ananing'iniza hewa.

"Pilbeam, umefanya nini?" jaji akauliza.

"Nimeonyesha mishono, Mheshimiwa."

Mtengeneza mishumaa akaokota kipande, akakitazama mbele na nyuma, akampa aliyekaa kando yake, kikazunguka wote kumi na wawili. Hawakutoka hata nje kushauriana. Waliinamiana vichwa, wakainuka. Hana hatia. Uchochoro wa Pipa ulipiga kelele mpaka vumbi likaanguka darini, na Mama Peg akambusu mtu asiyemjua.

"Basi vipande ni vyangu!" Skeffington alikuwa anapiga kelele. "Kama ni mabaki, ni mabaki ya kitambaa changu!"

Na jaji akasema ndiyo. Kitambaa kilinunuliwa na Skeffington, basi mabaki yake, madogo kwa makubwa, arudishiwe, na kuanzia siku ile fundi atakayetoka dukani kwake na kipande ajue ni mwizi. Alilisema bila kuinua macho, akaita kesi inayofuata. Siku ile tulifurahi mno, hatukulielewa. Tulilielewa baadaye, matajiri wengine waliposikia nao wakaanza kupima mabaki kwenye mizani kila jioni. Mshahara haukuongezeka hata peni, na watoto wetu wakatembea vichwa wazi.

Karani alivikusanya vipande ndani ya mfuko. Crouch alikuwa bado amesimama pale pale. Akaokota kimoja kilichoanguka chini, na kingine, akavishikanisha ukingo kwa ukingo, akavitenganisha, akavishikanisha tena. Mlinzi alilazimika kumfungua vidole ili avichukue.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na Ambrose, wengine wametangulia kumfungulia Mama Peg mapipa. Ilikuwa mchana wa soko, ng'ombe wamejaa njiani. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumfariji: kwamba kitambaa ni kitambaa tu, kwamba mikono bado anayo, kwamba nampenda hata akishona magunia. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

"Dorcas," akasema.

"Naam, mume wangu."

"Ulimsikia Crouch?"

"Nilimsikia."

"Aliapa. Kwenye Biblia, Dorcas. Mbele ya jaji. Mpaka karani ameandika."

Nikamzaba kofi. Kofi la kweli, hata mchunga ng'ombe mmoja akageuka. Halafu nikamkumbatia katikati ya barabara kwa nguvu zangu zote, ng'ombe wakatuzunguka, wenye ng'ombe wakatutukana, na yeye anacheka kifuani kwangu, anacheka, mpaka nikahisi kwamba kile hakikuwa tena kicheko. Alilia kwa muda mrefu. Alikuwa anajua vizuri kabisa alichokitoa, naye alikuwa amekitoa.

Alipoinua uso niliona uzi wa hariri ya zambarau umenasa katikati ya meno yake. Nikautoa kwa ukucha, nikataka kuutupa.

"Nipe," akasema. Nikampa.